UZI: Kwa nini tambi za Kichina nikikaanga nyumbani hazifanani na zile za kununua?

#1 Sufuria Tupu
Wakuu, salaam. Hii ni mara ya sita nakaanga tambi za Kichina, na mara ya sita zimetoka vilevile: bonge moja lenye unyevu, rangi imefifia, kabichi limelala chini linatoa maji. Zile za mgahawani ukifungua tu kiboksi zinaachana moja moja, zinang'aa, na kuna kaharufu ka moshi kanakupiga kabla hujatia mdomoni.

Ninavyofanya: nachemsha tambi za mayai mpaka zilainike, nachuja. Kikaangoni mafuta, kitunguu, kitunguu saumu, nyama, karoti, kabichi, hoho. Namwaga tambi zote (nusu kilo, tuko wanne), namwaga sosi ya soya, nafunika dakika tano.

Najua mtasema moto. Naombeni mniambie na lingine.

#2 Mwiko Mrefu
"Nafunika dakika tano."
Mkuu, hizo hujakaanga. Umezichemsha mara ya pili, safari hii bila maji ya kutosha.

#3 KaraiJeusi
Ni moto. Pole, ila ndiyo jibu. Wakantoni wana neno lake, wok hei, yaani pumzi ya karai. Ile harufu ya moshi unayoisema ndiyo hiyo. Jiko la mgahawa linanguruma kama injini, mwali unapanda mpaka mdomoni mwa karai, mafuta yakirushwa hewani yanashika moto kidogo na kuzimika. Jiko lako la nyumbani halifiki huko hata ulibembeleze vipi. Kubali tu, uendelee kununua.

#4 Mama Tangawizi
KaraiJeusi usimkatishe tamaa mwenzio. Ni maji, mwanangu. Soma tena ulivyoandika: tambi umechuja ukazitia zikiwa bado zinatiririka. Kabichi umeliosha, hukulikausha. Nyama umeitia kikaangoni pamoja na karoti, nayo ikatoa maji yake. Halafu juu ya hayo yote ukaweka mfuniko, mvuke ukose pa kwenda. Utapata wapi kukaanga hapo?

Chemsha tambi, zitoe dakika moja kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, zisuuze kwa maji baridi mpaka wanga utoke, zitikise, zitandaze kwenye sinia juu ya kitambaa safi. Nusu saa. Ukizigusa zisikulowanishe kidole. Ndipo uzipake kijiko kimoja cha mafuta.

#5 Fundi Moto
Ngoja niweke hesabu, maana naona #3 na #4 mnagombea shati moja.

Gramu 1 ya maji ikishafika nyuzi 100 inataka kilojuli 2.26 hivi ili igeuke mvuke. Tuseme tambi, kabichi na sosi vimeingia na gramu 100 za maji. Hiyo ni chini ya nusu kikombe, wala usingeiona. Jumla kilojuli 226.

Bana kubwa ya jiko la gesi la nyumbani ina kama kilowati 3, na sehemu kubwa ya huo moto inapita pembeni kwenda kupasha ukuta. Chukua kilowati 1.2 zinazoingia kweli kwenye chuma. 226 gawa kwa 1.2 ni sekunde 188. Zaidi ya dakika tatu unatokosa, ndipo uanze kukaanga.

Jiko la mgahawa la kilowati 30, hata ikiingia robo tu, ni kilowati 7.5. Sekunde 30 maji yamekwisha.

Hapo chakula chenyewe sijakipasha, ni maji tu.

#6 KaraiJeusi
Kwa hiyo ni moto.

#7 Mama Tangawizi
Kwa hiyo ni maji.

#8 Mwiko Mrefu
Naweka mkeka hapa. Huu uzi utafika mbali.

#9 Zamu ya Usiku
Nimefanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Kichina miaka miwili. Mwaka wa kwanza kuosha vyombo, wa pili kukata mboga, kwa hiyo sijifanyi mpishi, lakini macho ninayo.

Mama Tangawizi yuko sahihi kuhusu tambi. Zetu zilichemshwa asubuhi, zikiwa bado na kiini kigumu, zikamwagiwa mafuta kidogo na kutandazwa kwenye sinia mbele ya feni. Oda ikiingia saa mbili usiku tambi ni baridi, kavu, na zimeshaachana tangu mchana.

Sasa ambalo hamjalisema. Mpishi hakuwahi kutia sahani nne kwenye karai. Moja, mbili zikizidi. Watu kumi wakiagiza kitu kilekile, anakaanga mara tano. Karai lake analipasha tupu mpaka litoe moshi, anamimina upawa wa mafuta, anayazungusha, anayamwaga yote, ndipo anatia mengine mapya kidogo na kuanza. Nilimuuliza kwa nini anamwaga. Akanijibu kwa mkono: akarusha yai, likateleza kama liko kwenye barafu.

Na mboga zilikuwa zimeshapitishwa kwenye maji yanayochemka nusu dakika na kuchujwa. Karaini zinaingia kumalizikia tu.

Nusu kilo kwa mpigo? Hata yule mzee asingeweza.

#10 Sufuria Tupu
Asante Zamu ya Usiku. Kwa hiyo natakiwa nikaange mara nne, wa kwanza anakula za moto, mimi wa mwisho nakula saa nne?

#11 Mwiko Mrefu
Wa mwisho unakula zenye wok hei zaidi, karai limeshapata hasira.

#12 Nusu Kijiko
Mbona mnazunguka? Ni ajinomoto. Waliokula zile za kununua ulimi wao umeshazoea ile kitu. Usipotia, hata ukikaanga kwenye volkano utasema hazifanani. Mimi sitii kwa sababu inaniuma kichwa, na nimekubali kuwa zangu ni zangu.

#13 Mzee wa Chumvi
Nusu Kijiko, nusu ya kwanza nakubaliana nawe. Ya pili ina historia ndefu. Ile kitu ni MSG, glutamati. Profesa Kikunae Ikeda wa Tokyo aliitenga mwaka 1908 kutoka kwenye mwani wa kombu ambao Wajapani hutengenezea supu. Nyanya iliyoiva ina glutamati, uyoga unayo, jibini kuukuu inayo tele, na sosi ya soya yenyewe inayo.

Habari ya kuumwa kichwa ilishika kasi baada ya barua moja ya daktari kuchapishwa kwenye jarida la tiba la Marekani mwaka 1968. Daktari alieleza anavyojisikia akila migahawa ya Kichina, akabahatisha sababu kadhaa: chumvi, mvinyo wa kupikia, MSG. Watu wakashika hiyo ya mwisho. Tangu hapo wamejaribiwa bila kujua nani kapewa MSG na nani hakupewa, na majibu hayajawahi kusimama sawasawa.

Kwa faida ya wenye presha: MSG ina sodiamu asilimia 12 hivi, chumvi ya kawaida 39. Ukipunguza chumvi ukatia MSG kidogo, sodiamu inashuka.

#14 Nusu Kijiko
Mzee sawa, lakini kichwa ni changu.

#15 Mwiko Mrefu
Kichwa chako, tambi zako, uzi wetu.

#16 Chipukizi
Mmesahau tambi zenyewe! Sufuria Tupu umesema "tambi za mayai". Umeangalia kwenye pakiti kama zina alkali? Tambi nyingi za Kichina za kukaanga hukandwa kwa maji ya magadi, yaani kabonati ya sodiamu na ya potasiamu. Ndiyo inazipa ule unjano, ule mvutano ukiuma, na ile harufu ya pekee. Yai peke yake halifanyi hivyo. Tambi zisizo na alkali zikipata sosi zinalegea, ukigeuza mara tatu zimekatika.

Kama unazo spageti tu, tia kijiko kimoja cha chakula cha baikaboneti kwenye lita 2 za maji yanayochemka. Zinatoka za njano kidogo na zinavutika. Si zilezile, lakini ni binamu.

#17 KaraiJeusi
Chipukizi ungemalizia: TIA TARATIBU NA SUFURIA IWE KUBWA. Nilifanya hiyo mbinu mwaka jana, povu likapanda kama sabuni, likazima gesi, likashuka mpaka kwenye droo ya vijiko. Spageti zilitoka nzuri, siwezi kukataa. Lakini onja maji yake uone, na suuza sana.

#18 Kitoweo
Samahani, mnaongelea chow mein au lo mein? Maana nilivyofundishwa, chow mein ni zile ngumu za kukwaruza mdomo, lo mein ndizo laini za sosi. Sufuria Tupu anaelezea lo mein. Lo mein haihitaji moto wote huo.

#19 Zamu ya Usiku
Kitoweo, inategemea umekula wapi. Chow ni kukaanga, mein ni tambi. Basi. Lo ni kama kuvuruga au kuchanganya. Hong Kong ukiagiza lo mein unaletewa tambi zilizochemshwa, vitu vimewekwa juu, supu pembeni kwenye bakuli lake. Hizo laini za sosi zinazoitwa lo mein ni mambo ya migahawa ya Marekani. Na huko Marekani kwenyewe, chow mein ya pwani ya mashariki na ya magharibi hazifanani.

Ila una hoja moja: kama anataka laini za sosi, zichanganywe tu mwishoni, sekunde thelathini. Lakini amesema anataka moshi.

#20 Kitoweo
Asante kwa sahihisho. Halafu si Marco Polo ndiye aliyezichukua China akazipeleka Italia?

#21 Mzee wa Chumvi
Hapana, hiyo ni hadithi. Marco Polo alirudi Venice mwaka 1295. Al-Idrisi, mwanajiografia Mwarabu, alishaandika mwaka 1154 kuhusu Trabia kule Sisilia, kwamba wanatengeneza itriyya, tambi kavu, na kuzisafirisha kwa meli. Kwa upande wa China, mwaka 2005 kulichapishwa habari za bakuli lililofukuliwa Lajia, mkoa wa Qinghai, limefunikwa kifudifudi na tambi ndani yake, za miaka 4,000 hivi. Watafiti walisema ni za mtama mdogo, wengine wakabisha kwamba nafaka hiyo haivutiki kiasi hicho.

#22 Mwiko Mrefu
Miaka 4,000 na zilikuwa hazijashikana. Sufuria Tupu unasikia?

#23 Sufuria Tupu
😂 Nimesikia. Jamani kikaango changu ni kile cha kutoshika. Kina shida?

#24 KaraiJeusi
Ndiyo, kubwa. Ule utando haupendi kuzidi nyuzi 260. Ukikipasha kitupu mpaka kitoe moshi, moshi huo ni wa kikaango chenyewe. Wanaofuga kasuku wanajua, ndege hufa kwa mvuke huo. Tafuta karai la chuma cha kaboni, jembamba, lioshe mafuta ya kiwandani, lichome mpaka libadilike rangi kuwa bluu, lipake mafuta kiduchu, lichome tena. Rudia. Mafuta yanagandamana na kuwa ngozi nyeusi. Langu lina miaka tisa na naamini kabisa harufu inatoka humo. Tambi zilezile kwenye sufuria ya alumini hazinukii.

#25 Fundi Moto
Hapo KaraiJeusi umejichanganya. #3 ulisema ni mwali unaoshika mafuta hewani. Sasa ni ngozi ya karai. Kipi?

#26 KaraiJeusi
Vyote.

#27 Fundi Moto
Mimi natumia jiko la umeme la sumaku, halina mwali hata kidogo. Sahani moja moja, tambi kavu, na moshi naupata. Mdogo kuliko wa mgahawani, lakini upo. Kwa hiyo mwali si lazima. Chuma kikiwa moto sana, wanga na protini na soya vinaungua juujuu kabla havijalowa. Basi.

#28 Chipukizi
Kuna watafiti, Hungtang Ko na David Hu, walipiga video wapishi wakirusha wali wa kukaanga, wakachapisha mwaka 2020. Karibu mara 3 kwa sekunde! Karai halinyanyuliwi, linayumbishwa kwenye ukingo wa jiko kama bembea. Kinachorushwa hewani kinapoa na kutoa mvuke, kinarudi kwenye chuma kuungua tena. Huo ni wali, tambi zinaburuzana, lakini nadhani siri iko kwenye kurusha. Ukigeuza kwa mwiko tu, mvuke unabaki chini.

#29 Mama Tangawizi
Chipukizi usimwambie mtoto wa watu arushe. Jiko lake la nyumbani karai likinyanyuliwa tu moto umepotea. Hapa ni kinyume cha mgahawa: karai litulie, tambi zitulie pia. Zitandaze, ziache dakika nzima bila kuzigusa, zipate ukoko upande wa chini, ndipo ugeuze mara moja. Utajisikia kama unaziunguza, vumilia.

Sufuria Tupu, andika. Sahani mbili, zisizidi:
tambi mbichi gramu 200, nyama kiganja kimoja, mboga viganja viwili vilivyokauka. Changanya sosi kwenye kikombe kabla hujawasha jiko: soya nyepesi kijiko cha chakula kimoja, soya nyeusi kijiko cha chai kimoja, sosi ya chaza kijiko cha chakula kimoja, sukari nusu kijiko cha chai, pilipili manga nyeupe kidogo. MSG ni wewe na kichwa chako.

Pasha karai mpaka litoe moshi mwembamba, tia mafuta. Nyama kwanza, itoe. Mboga, zitoe. Tambi, ziache zipate ukoko. Rudisha vyote, mwaga sosi UKINGONI mwa karai, isitue juu ya tambi. Utasikia inapiga kelele, pale inapochemka kwenye chuma kitupu ndipo rangi na harufu vinatoka. Geuza haraka, zima. Mafuta ya ufuta matone machache mwisho kabisa, yakipikwa yanakuwa machungu.

#30 Sufuria Tupu
Mama, soya nyepesi na nyeusi? Mimi nilikuwa na moja tu.

#31 Zamu ya Usiku
Ndiyo maana zimefifia. Nyepesi ni ya chumvi na ladha. Nyeusi ni nzito, imekaa zaidi, mara nyingine hutiwa karameli, na kazi yake ni rangi. Watu wakiona rangi haijakolea wanaongeza nyepesi, tambi zinakuwa chumvi tupu na maji tele, na bado hazina rangi. Nimeona hata wapishi wageni wakifanya hivyo wiki ya kwanza.

Na nyama yako kama inakuwa ngumu: ikate nyembamba kukata nyuzi, nusu kilo itie robo kijiko cha chai cha baikaboneti, dakika 15, suuza, kausha, kisha wanga wa mahindi na soya kidogo. Ndiyo ule ulaini unaokushangaza kwenye za kununua.

#32 Mzee wa Chumvi
Hiyo sosi ya chaza nayo, simulizi ya kampuni ya kwanza kuiuza inasema mwaka 1888 kule Guangdong Lee Kum Sheung alisahau sufuria ya chaza motoni mpaka supu ikawa nzito na nyeusi. Kuunguza kuna baraka zake.

#33 Sufuria Tupu
Wakuu, nimerudi. Wiki mbili, nimejaribu mara tatu.

Ya kwanza nilifuata #29 kwenye kikaango kilekile cha zamani, moto wa kati kwa kuogopa utando. Tambi ZIMEACHANA. Sikuamini, nikazinyanyua kwa uma moja moja kama mtu anayehesabu. Rangi safi. Moshi hakuna.

Ya pili nikaazima karai la chuma. Nikasahau kuwasha feni, king'ora cha moshi kikalia, nikapanda kwenye kiti kupunga gazeti, nikirudi kitunguu saumu ni mkaa.

Ya tatu jana. Sahani moja moja, dirisha wazi. Ukoko umepatikana, sosi ukingoni imepiga kelele kama alivyosema mama. Nikaonja palepale: nzuri sana, lakini moshi siusikii.

#34 Mwiko Mrefu
Safari hii sitanii. Umesimama juu ya ule moshi dakika ishirini, pua imeshauzoea. Za kununua unafungua ukiwa umetoka kwenye hewa safi. Kaanga, funika kwenye kiboksi, toka nje dakika kumi, rudi ufungue. Naamini nusu ya huu uzi ni pua.

#35 KaraiJeusi
Pua gani tena. Karai la kuazima halijazoea moto wako, lipe mwaka.

#36 Fundi Moto
Mwiko Mrefu kwa mara ya kwanza kasema kitu kinachopimika. Na kiboksi chenyewe kinafungia mvuke wenye harufu. Jaribu.

#37 Sufuria Tupu
Nimejaribu leo, ila nilichelewa kutoka. Mume wangu kaingia kutoka kazini, kasimama mlangoni, kanusa, kauliza: "Nini kimeungua?" Halafu kala sahani mbili, na ya kwangu ndani yake. Sijui niandike nimeshinda au nimeshindwa.

#38 KaraiJeusi
Umeshinda.

#39 Mama Tangawizi
Ni kitunguu saumu. Ulikitia mapema tena, sivyo?

#40 Sufuria Tupu
...mapema kidogo.

#41 Fundi Moto
Tambi zilikuwa gramu ngapi?